Nthenya na Joto Lisilo la Jua

Mwaka wa tatu baada ya uhuru, Nthenya aliamini ana mimba, na hakumwambia mtu.

Siku zake zilikuwa zimepotea tangu msimu wa kupanda. Alikuwa ameipita arobaini zamani, watoto wake wamekua, na kifungua mimba wake, Kiilu, alikuwa kuli bandarini Mombasa. Mke wa Kiilu, Syovata, aliishi hapo nyumbani kwa wakwe zake, na tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Hapo ndipo palipokuwa na aibu. Kwao Ukambani, mama akishaoza mtoto hatarajiwi kurudi kwenye ulezi, sembuse kubeba tumbo sambamba na mkazamwana wake. Basi Nthenya akawa anajifunga leso mbili kiunoni, anakwenda mtoni kabla ya wanawake wengine, na akiwa peke yake anajishika tumbo, anatafuta kitu kinachocheza. Hakikucheza kitu.

Shamba lao lilikuwa Shimba Hills, kwenye ardhi ambayo serikali iliwagawia watu waliotoka mbali. Wambua, mumewe, alilipata miaka michache kabla ya bendera kupandishwa. Walishuka kutoka Machakos kwa gari moshi, kisha kwa lori, na majembe, na kuku, na blanketi nzito la kijivu. Nyumba aliijenga Wambua kwa mikono yake, kwa namna aliyoijua: kuta nene za udongo, na vidirisha vidogo vya kuzuia baridi ya milimani. Baridi haikuja. Walilala kwa jasho miaka yote hiyo, na kwa kuwa wote wawili walikuwa wakitoka jasho, hakuna aliyeona ajabu.

Jirani yao wa karibu alikuwa Mbodze, mke wa Tembo na mama wa Rai. Hawa walikuwa Waduruma wa upande wa Kinango, wafugaji, ambao ukame uliwamalizia ng'ombe ukawaachia mbuzi. Mbodze ndiye aliyemfundisha Nthenya kuunga kunde kwa tui la nazi, naye Nthenya akampa mbegu za mbaazi za kwao. Kiswahili cha Nthenya kilinyooka kwa Mbodze, kwenye mazungumzo ya kila siku baina ya mashamba mawili. Cha Wambua kilibaki cha bara mpaka mwisho.

Siku ya kwanza joto lilipomjia Nthenya mbele za watu, ilikuwa siku ya harambee. Wanaume walikuwa wakichimba msingi wa zahanati, wanawake wakiwapikia. Nthenya alikuwa amesimama juu ya sufuria kubwa ya sima, mwiko mikononi, akizungumza na wenzake. Ghafla kitu kikamwanzia kifuani. Hakikuwa moto wa kuni. Huo aliujua, huo hutoka nje ukaja ndani. Huu ulitoka ndani. Ulimpanda shingoni, ukamjaa usoni, masikio yakawaka, moyo ukaenda mbio kama wa mtu aliyefukuzwa, na jasho likamtoka mpaka likadondoka kwenye mwiko. Akauacha mwiko ndani ya sima, akaondoka bila neno, akaingia kwenye michungwa ya jirani. Huko alivua kilemba, akaketi chini, akaegemeza mgongo kwenye shina la mti.

Mbodze alimfuata na kata ya maji.

"Mama Kiilu, una nini?"

"Homa," alisema Nthenya. "Itakuwa homa ya mbu."

Mbodze akamgusa paji la uso. Lilikuwa limelowa, na tayari lilikuwa linapoa. Homa haipoi upesi namna hiyo. Lakini hakubisha. Alimpa maji, akarudi kukoroga sima.

Nthenya alikunywa vidonge vya malaria vya dukani, vichungu, vikamvumisha masikio. Joto likarudi. Akanywa tena. Likarudi akiwa shambani, likarudi akiwa anasuka nywele za mtoto wa jirani, likarudi kanisani katikati ya sala. Usiku lilikuwa baya zaidi: liliamsha mwili kabla halijaamsha akili, akajikuta ameketi, shuka imelowa chapachapa, kisha akatetemeka kwa baridi. Na katika hayo yote alikuwa akijiambia kwamba ni mtoto. Alidhani mimba ya uzeeni ndiyo ilivyo, inakuja kwa hasira.

Ni Mbodze aliyemwuliza waziwazi, wakati wakipura kunde uani kwake.

"Mara yako ya mwisho kuona damu ilikuwa lini?"

Nthenya aliacha kupura. Alitazama upande wa nyumba yake, alikokuwa Syovata, kisha akasema polepole, "Mama Rai, nina mimba. Usimwambie mtu. Nitafanyaje mimi na mimba, na yule pale anakaribia kunizalia mjukuu?"

Mbodze hakucheka. Alisema tu, "Twende kwa Bi Mwanapili."

Bi Mwanapili alikuwa mkunga wa serikali, mzaliwa wa Msambweni. Zahanati ilikuwa bado ni msingi, basi yeye alikuja kila wiki akawapokea wanawake kwenye duka tupu karibu na soko, nyuma ya pazia la leso. Walimkuta akinawa mikono kwenye beseni.

"Shikamoo, Bi," alisema Mbodze, kwa kuwa mkunga alikuwa mkubwa wao.

"Marahaba, wanangu. Nani mgonjwa?"

Nthenya alilazwa juu ya meza iliyotandikwa mkeka. Mkunga alimbonyeza tumbo kwa utulivu, akauliza maswali, akasikiliza habari ya joto, ya usiku, ya moyo kwenda mbio. Akamfunika.

"Humu hamna mtoto," alisema.

"Hakika, Bi?"

"Hakika. Damu yako inakatika, mama. Ni umri. Mwili unafunga kazi moja, na wakati wa kufunga unapiga kelele. Wengine hawasikii kitu. Wengine, kama wewe, wanaungua."

"Basi nipe dawa."

"Ya kuliondoa hapa sina. Yapo ya kulipunguza, lakini si ya kumeza." Bi Mwanapili akaketi kwenye kigoda kama mtu ambaye hana haraka, ingawa nje foleni ilikuwa ndefu. "Unatumia ugoro?"

"Natumia."

"Na chai?"

"Chai nani hanywi?"

"Nzito?"

Nthenya akatabasamu. Chai yake ilikuwa inajulikana kijiji kizima.

"Ujaribu kuviacha. Na pilipili. Kula mapema, jua halijazama, usilale na tumbo lililojaa. Vaa pamba, si nailoni. Lima asubuhi, jua likipanda ukae kivulini. Tembea, si kubeba, nasema kutembea. Na uangalie mwenyewe joto linakuja baada ya nini, kwa sababu kila mwili una kinachouchokoza. Mifupa nayo inahitaji kulishwa sasa: maziwa, dagaa, mboga za majani."

Njiani kurudi, Nthenya alikuwa na furaha. Alicheka peke yake, akafungua leso moja kiunoni, akaitupia begani. Aibu imekwenda. Wakapita soko, wakapita daraja la magogo, na walipoanza kupanda kilima akasimama, akajishika mdomo, machozi yakamtoka.

Mbodze akarudi hatua mbili akamshika bega.

"Unalia nini?" aliuliza.

"Sijui. Sikumtaka. Nilimwogopa kila siku." Nthenya alijifuta kwa ncha ya leso. "Lakini nilikuwa nimekwisha kumzoea."

Walikaa hapo kando ya njia mpaka alipomaliza. Mbodze alimwambia kwamba na yeye alilia, miaka iliyopita, na kwake hakukuwa hata na mimba ya kudhani.

Mtu angedhani Nthenya alirudi nyumbani akafuata aliyoambiwa. Alirudi nyumbani akateleka chai. Ugoro aliurithi kwa mamake, aliuona kama sehemu ya pua yake. Kukaa kivulini mchana ilikuwa kazi ya wagonjwa na wavivu. Na maneno ya mkunga yalimwonekea madogo mno mbele ya kitu kikubwa namna ile. Mtu anayeungua haambiwi apunguze pilipili.

Alichofanya ni kimoja tu: alihama kitanda. Siku moja alichukua mkeka wa ukindu akautandika kwenye jiko la nje, lililokuwa na ukuta wa fito usiokandikwa udongo upande mmoja. Upepo ulipita humo. Akalala pale, na usiku uliofuata akalala pale, na Wambua alipouliza alijibiwa, "Ndani kuna joto."

"Kila siku kuna joto," alisema Wambua.

"Basi."

Wambua hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa na uzito. Alianza kula bila kuzungumza. Alianza kumtazama mkewe kama anavyotazamwa mtu aliyerudi kutoka safari isiyojulikana. Naye Nthenya, ambaye usingizi ulikuwa umemkimbia, akawa mkali kwa Wambua na kwa Syovata. Alisahau mahali alipoweka jembe, akamlaumu mumewe. Jioni moja Syovata aliunguza mahindi na maharagwe, jambo dogo, chungu kikashika chini kidogo tu. Nthenya alimpigia kelele hadi msichana akarudi nyuma akajigonga kwenye nguzo, na tumbo lile mbele.  Syovata alikwenda nyuma ya nyumba akalia.

Nthenya alisimama na kifuniko mkononi. Hakuijua sauti iliyotoka kinywani mwake.

"Wewe umefanyiwa kitu," Wambua alimwambia asubuhi.

"Sijafanyiwa kitu. Ni umri. Mkunga amesema."

"Mamangu alikuwa na umri. Hakuhama nyumba." Alinyanyua kutoka rafuni chupa ndogo ya mafuta ya nazi. "Hii nayo ni nini? Imetoka kwa nani?"

Yalikuwa mafuta ambayo Mbodze alimkamulia bila moto, akampa na maneno ya siri ya wanawake, kwa sababu Nthenya alikuwa amemweleza kwamba hata mambo ya mume na mke yalikuwa yamegeuka maumivu. Hilo hakuweza kumwambia Wambua mchana kweupe. Alinyamaza. Na kunyamaza kwake ndiko kulikomthibitishia Wambua kwamba amerogwa, na mafuta ya nazi yangetoka kwa nani kama si kwa Mbodze.

Akatoka mwenyewe mpaka mpakani mwa mashamba, alikokuwa Mbodze akifunga mbuzi.

"Mama Rai," alisema, "tangu leo nyumba yangu usifike. Wala dawa zako zisifike."

Mbodze alimtazama. Angeweza kusema mengi. Alikuwa na ulimi. Alisema, "Nimesikia, Baba Kiilu," akaendelea kufunga kamba.

Siku zilizofuata ndizo Nthenya aliziona ndefu kuliko zote. Hakuwa na wa kumwambia. Ilikuwa ni katika upweke ule, kwa kukosa jingine la kufanya, ndipo alipoanza kuangalia joto lake linakuja baada ya nini. Aliligundua lina tabia. Lilipenda chai ya pili ya asubuhi. Lilipenda ugoro wa baada ya chakula. Mara tu alipovuta, kabla hajapiga chafya ya pili, shingo ilikuwa inawaka. Lilipenda ugomvi. Siku aliyokula mapema kwa bahati, kwa sababu njaa ilimshika, alilala mpaka majogoo. Hakuamini. Akajaribu tena, na safari hii hakulala. Lakini alikuwa amekwisha kuona kwamba adui anaweza kutazamwa.

Huku nyuma, kazi ya zahanati iliendelea. Kuta zilifika kifuani, na wanaume walikuwa wakisomba mawe kutoka kwenye korongo. Wambua alipangwa kubeba machela moja na Tembo, mume wa Mbodze. Tembo alikuwa mtu mrefu, mzee kidogo kuliko Wambua, mwenye mwendo wa watu waliochunga ng'ombe. Walibeba mizigo kadhaa. Kisha Tembo akaiweka machela chini akasema wapumzike.

"Nimesikia umemkataza mke wangu kufika kwako."

"Ndiyo," alisema Wambua, akajiandaa.

"Sikuja kwa ugomvi. Nataka nikuulize. Mkeo anapandwa na joto usiku?"

Wambua akajifuta vumbi usoni.

"Mke wangu alikuwa akitoka kwenda kulala zizini, na mbuzi," alisema Tembo. "Mimi nikadhani ana mtu. Nikanuna mwezi mzima. Kisha nikamfuata. Nikamkuta amelala juu ya udongo, mgongo wazi, kama mtu aliyepigwa. Hakuwa na mtu, bwana. Alikuwa anatafuta ubaridi."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwuliza ana nini. Ndilo tu nililofanya. Na kama ningeuliza mapema nisingepoteza ule mwezi." Akainama akashika mikono ya machela. "Sisi hatufundishwi haya. Baba yangu hakunifundisha. Wako alikufundisha?"

"Hapana."

"Basi. Inua."

Wambua alirudi nyumbani alasiri hiyo akamkuta Nthenya kivulini, anachambua mchicha. Akavuta kigoda, akaketi karibu, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi. Alikaa akiokota majani mabovu na kuyatupa.

"Kitanda kimekukosea nini?" aliuliza.

"Kitanda hakina kosa. Ni lile blanketi, na ni zile kuta. Nikiwa mle ni kama nimefunikwa chungu."

"Na mimi?"

Nthenya alimtazama. Alikuwa na vumbi la mawe mpaka kwenye kope.

"Wewe nawe una joto," alisema. "Ukilala ni kama jiko."

Wambua alicheka kwa pua, na Nthenya naye akacheka, na kwa kuwa walikuwa wamecheka aliweza kumweleza yaliyobaki: mimba aliyoidhani, na kilio cha njiani, na mafuta ya nazi yalikuwa ya kazi gani. Hilo la mwisho alilisema akitazama mchicha. Wambua alisikiliza kichwa chini, masikio yamemwiva.

"Sasa hiyo ni ugonjwa gani," alisema mwishowe, kwa kile Kiswahili chake, "haina dawa, na haiui mtu?"

"Si ugonjwa, Wambua. Ni njia. Ninapita."

Kesho yake asubuhi Syovata aliamshwa na kishindo. Alitoka mbio akijishika tumbo, akamkuta baba mkwe wake ameshika sururu, anavunja ukuta wa nyumba. Udongo ulikuwa ukianguka kwa mabonge, fito zikionekana ndani. Majirani walikuja kutazama. Mmoja akauliza kama nyumba imeingiwa na mchwa. Wambua aliendelea na kazi. Alivunja ukuta wa mashariki, upande ambao upepo wa bahari hupanda kilima, akatoboa uwazi ambao mtu angeweza kupita. Akaupigia fremu ya mbao za mwembe, akasuka pazia la makuti la kufunikia wakati wa mvua. Kitanda akakisukuma chini yake. Nthenya alipoingia chumbani alikuta mwanga umefika mahali ambapo haukuwahi kufika, na vumbi lote la miaka linaonekana. Alifagia huku akiimba.

Kisha Wambua alikata mkungu wa ndizi akaupeleka kwa Mbodze. Alisimama uani nao begani.

"Nilisema maneno mabaya," alisema. "Sikujua."

Mbodze alikuwa anakamua mbuzi. Alimaliza kwanza kukamua. "Utue mzigo, Baba Kiilu," alisema. "Mtu haombi radhi amebeba ndizi."

Hapo ndipo Nthenya alipoyarudia maneno ya mkunga kwa dhati, na hapo pia ndipo alipoona ugumu wake. Ugoro aliuacha, akaurudia, akauacha tena, akaurudia katika matanga ya jirani. Mwishowe alimpa Wambua kijikopo akafukie asikokujua yeye, na siku iliyofuata akamsumbua amwonyeshe. Chai aliipunguza ikawa kikombe kimoja chepesi cha asubuhi. Mchana alikunywa maji ya mchaimchai yaliyopoa, na kwa muda mrefu alisema yana ladha ya nyasi. Pilipili hakuiacha kabisa, na wala hakudai ameiacha.

Saa za kazi alizigeuza. Alikuwa shambani umande ungali chini, na jua lilipokaza alirudi, akajimwagia maji, akajinyoosha kwenye mkeka. Wanawake wenziwe wa kanisani waliopita njiani walimwona amelala saa ya watu kulima, wakasema Mama Kiilu amekuwa mtu wa pwani. Maneno hayo yalimchoma. Alitaka kuacha. Syovata ndiye aliyesema, "Mama, wao hawalali hapa. Sisi ndio tunaoishi na wewe ukiwa hukulala." Nthenya alimtazama mkazamwana wake, akakumbuka nguzo na kilio, akamwomba msamaha ambao alikuwa ameuchelewesha. Syovata aliona haya kuombwa radhi na mama mkwe, akakimbilia kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Alasiri, Mbodze alipowateremsha mbuzi kwenda mtoni, Nthenya alikwenda naye. Hakubeba mtungi wala kuni. Mwanzoni mikono mitupu ilimsumbua, hakujua aifanye nini. Baadaye aliiacha ining'inie. Walitembea na kuzungumza, na joto likimjia njiani alisimama, akapumua polepole kutoka tumboni kama alivyojifunza mwenyewe, likapita. Usiku aliotembea mchana wake alilala vizuri kuliko aliobaki nyumbani. Mbodze alimpa maziwa ya mbuzi, na dagaa walinunua kwa mchuuzi aliyepandisha kutoka Bodo, ufukweni, kwa baiskeli. Alipika mbaazi na kunde na mboga za majani hata Wambua akauliza kama mifugo imehamia mezani.

Si yote yaliyofaa. Mbodze aliwahi kumchemshia mizizi fulani aliyoiapia, na Nthenya alishinda siku nzima akikimbilia msalani. Bi Mwanapili alipoambiwa alitikisa kichwa, akasema mizizi ibaki ardhini. Mbodze alikiri kwamba hata yeye ilimharisha, lakini alidhani ndivyo inavyofanya kazi.

Syovata alishikwa na uchungu asubuhi moja, mvua za vuli zikinyesha. Bi Mwanapili aliitwa, akaja na mwavuli na begi lake. Chumba kilikuwa kidogo, kimejaa mvuke wa maji ya moto, na Nthenya alikuwa amemshika mkazamwana wake mgongo wakati joto lilipompanda, kali kama la ile siku ya sima. Zamani angekimbia au angepiga kelele. Alimwambia Mbodze, "Nishikie hapa," akatoka, akasimama kwenye mvua uso juu, akahesabu pumzi zake. Kisha akarudi ndani na nguo zimelowa, akashika tena mgongo ule. Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri, wa kike. Kwa desturi yao akaitwa Nthenya. Bibi alimpakata kifuani, na mkunga akamwambia aende naye dirishani, penye hewa.

Joto lilikaa naye miaka kadhaa. Kuna majuma lilipotea, akadhani limekwisha, kisha likamkuta kwenye foleni ya kuuza machungwa. Magoti yalianza kumuuma wakati wa kupanda kilima, na uzito wa moyo ulimjia siku nyingine bila sababu, hasa masika, mawingu yalipokaa siku nyingi. Siku hizo alimwambia Wambua mapema, "Leo mimi si mzuri," naye akajua kuchukua jembe na kumwacha kwa amani. Hiyo nayo ilikuwa dawa, na iliwachukua muda kuikubali.

Alasiri moja, wakati zahanati ilikuwa imekwisha kuezekwa na Bi Mwanapili ana chumba chake chenye mlango, Nthenya na Mbodze walikuwa wakiteremka na mbuzi walipomkuta mwanamke amesimama kando ya njia. Alikuwa Hannah, mke wa katekista, mtu wa adabu na viatu vilivyofungwa. Alikuwa amevua kimoja. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa jasho, na siku yenyewe ilikuwa ya mawingu.

"Hamjambo, kina mama," alisema. "Mnakwenda wapi kila siku na hawa mbuzi?"

"Mtoni," alisema Nthenya. "Karibu twende."

Hannah alisita, akatazama nyuma alikotoka, kisha akavua na kile kiatu cha pili. Walitembea kitambo kabla hajauliza, kwa sauti ya chini ingawa hapakuwa na mtu mwingine, kama jambo hili lina mwisho.

"Linakwisha," alisema Mbodze.

"Linapungua," alisema Nthenya.

"Langu limekwisha."

"Juzi ulikuwa unajipepea na sahani, Mama Rai. Nilikuona."

"Ile ilikuwa siku ya joto."

"Ilikuwa inanyesha."

Walibishana hivyo mpaka mtoni, Hannah katikati yao, viatu mkononi.